Damu ya Itaba Uliyoificha Muyinga

Baba,

Hapo juu sikuandika "mpendwa", na si kwamba nimesahau. Nimekuandikia barua nyingi maishani, na zote zilianza na neno hilo, hata zile za shuleni nilizokuomba sabuni na daftari. Hii naiacha bila.

Naiandika wazi kwa sababu simu yako umeizima, na kwa sababu wafanyabiashara wa mahindi wanaovuka mpaka wa Kobero kuingia Tanzania kila wiki wanajua unapolala huko Ngara. Atakayekupa karatasi hii nimemruhusu aisome kwanza. Kama macho yako yanakusumbua, akusomee kwa sauti, mbele ya watu. Siri zako nimeshachoka nazo.

Nianze na kambini, kule ukimbizini, maana ndiko nilikokupenda. Unakumbuka foleni ya unga? Ulikuwa unaniweka mbele yako, mikono yako miwili juu ya mabega yangu, ili nisisukumwe. Mtu akiuliza mmetoka wapi, ulikuwa unanisukuma kidogo kwa vidole niseme mimi. "Muyinga!" nilikuwa nasema kwa nguvu, kama mtoto anayejibu hesabu, na wewe unacheka. Sikuwahi kuiona Muyinga. Nilizaliwa kambini, nikaijua Burundi kwa mdomo wako tu: soko la Muyinga, mvua ya Muyinga, ndizi za Muyinga. Sasa najua hata hizo ndizi ulizisikia kwa jirani.

Tuliporudi walitupeleka Muyinga kwa kuwa karatasi zilisema hivyo, wakakupa kiwanja. Ulikizungusha ua siku hiyo hiyo. Mama alikuwa ameshafariki, na mimi nilikuwa binti mkubwa wa kutosha kushika nguzo wakati wewe unapigilia misumari. Ulifurahi kupita kiasi. Nilidhani ni furaha ya mtu aliyefika kwao.

Kisha nikapata kazi Gitega, kwenye maabara ya hospitali, nawe ukawa unamwambia kila mteja sokoni, "Binti yangu anaona wadudu kwa macho." Ulikuja kunitembelea mara moja. Nilikuchoma kidole, nikapaka damu yako kwenye kioo, nikakuketisha mbele ya hadubini. Uliangalia kwa muda mrefu sana, mdomo wazi. Nikakuonyesha chembe nyekundu, nikakuonyesha zile nyeupe ambazo kiini chake kinajaza karibu seli nzima, nikakuambia hizi ndizo limfosaiti, hizi ndizo walinzi. Ndipo ukaniuliza, bila kuinua kichwa:

"Damu inaweza kusema mtu ametoka wapi?"

Nikacheka. "Hapana Baba. Damu haina kitambulisho."

Ulishusha pumzi. Niliisikia, nikadhani umechoka kuinama. Nilikununulia chai na maandazi, nikakusindikiza hadi kituo cha basi, ukanibariki kwa mkono juu ya kichwa. Nimeirudia siku hiyo mara nyingi mno, Baba, na kila nikiirudia nakuchukia upya.

Sasa gusaba. Unajua ilivyo, lakini wengine watakaosoma huenda hawajui: ndiyo siku ambayo upande wa kijana unakuja nyumbani kwa binti kumwomba, na kabla ya lolote wasemaji wa pande mbili wanaulizana ukoo, kwa maneno ya kuzunguka na ya heshima, mpaka kila mtu aridhike kwamba hawa wawili si ndugu. Ndiyo maana mnauliza mbele ya watu wote. Ndiyo maana mnanyonya mtungi mmoja wa impeke, pombe ya mtama. Hakuna sababu nyingine ya siku ile.

Walikuja Muyinga kutoka Itaba na gari la kukodi. Evariste, mchumba wangu, alikuwa amevaa suti ya kaka yake, mikono inamzidi. Msemaji wao alisimama, nakumbuka kila neno:

"Bon, kijana wetu ndiye huyu. Baba yake alisha kufa, mama yake iko hapa na sisi. Mama ni binti ya Sinzinkayo, wa kule Itaba. Sasa na ninyi, mi nauliza kwa heshima, ninyi ni watu wa wapi?"

Ulikuwa na mrija mdomoni. Ukakohoa. Ukakohoa tena mpaka jirani akakupiga mgongoni, na watu wakatania kwamba impeke ya mwaka huo ina nguvu. Mimi nilikuwa chumba cha pili na wasichana wenzangu, nachungulia mlangoni, nikakuhurumia. Ukafuta mdomo kwa kiganja, ukasema:

"Sisi ni watu wa Muyinga. Tangu mababu."

Wakapiga makofi. Mama mkwe wangu naye alipiga makofi.

Ineza alizaliwa mwaka uliofuata. Ulimshika ukasema ana paji la uso la mama yako, na nilifurahi, kwa kuwa mama yako hukuwa unamtaja. Kwa miezi sita alikuwa mtoto wa kuonyesha watu, mnene, anacheka na kila mpita njia. Mwezi wa saba masikio yakaanza kutoa usaha. Kisha kifua. Kisha kifua tena, kisha macho, kisha nimonia iliyotulaza hospitali wiki tatu. Alikuwa akipona siku kumi anaugua ishirini, hivyo hivyo mpaka mwaka wake wa pili. Kadi yake ya chanjo imejaa mihuri yote, sikukosa hata tarehe moja.

Na mimi mtaalamu, mimi ninayeona wadudu, nilimpima mwenyewe. Nilihesabu chembe zake nyeupe mara tatu kwa mikono yangu. Zilikuwa za kutosha, limfosaiti zimejaa. Nikamwambia Evariste, "Kinga anayo, nimeiona." Hilo ni kosa langu mimi, sikubebeshi. Niliona walinzi wapo, nikadhani wanalinda.

Aliyeshtuka ni daktari wetu wa watoto, Mkongomani wa Uvira, mtu mfupi asiyeketi. Alipima kingamwili zenyewe kwenye damu ya Ineza, akakuta karibu hakuna. Alizitafuta za pepopunda, ambazo chanjo ilipaswa kuziacha, akakosa. Akatuma damu nje ya nchi. Jibu likarudi: mtoto hana seli B hata moja. Akalisoma amesimama, akalitupa mezani.

"Haiwezekane," alisema. "Mutoto mwenye hana seli B, hata koo yake inakuwa tupu, tezi haziko. Huyu iko na tezi kubwa kama maharagi. Batafute tena. Batumie alama ingine."

Nisikilize hapa, Baba, usiruke mistari. Hiki ndicho ulichompa mjukuu wako, na utakisoma mpaka mwisho.

Seli B ni aina moja ya zile limfosaiti nilizokuonyesha. Ndizo zinazotengeneza kingamwili. Lakini hazizaliwi zikiwa kazini. Zinazunguka kwenye damu na kwenye tezi, ndogo, zimelala, zinangoja kuamshwa. Juu ya ukuta wa kila seli zimesimama molekuli nyingi, kila moja na kazi yake. Moja ni kipokezi, ndicho kinachomkamata mdudu. Mtu angedhani hapo kazi imekwisha. La. Kumkamata mdudu kunapeleka ndani ya seli ishara ndogo tu, na mara nyingi ishara hiyo haitoshi kuiamsha.

Pembeni mwa kipokezi kuna molekuli nyingine, wataalamu wanaiita CD19. Imeshikana na mwenzake, CD21. Mdudu akiingia mwilini, damu humbandika alama, na CD21 huishika alama hiyo. Kwa kuishika, inaivuta CD19 karibu kabisa na kipokezi, na CD19 inaikuza ile ishara ndogo mara nyingi, hata kama wadudu walioingia ni wachache. Hapo seli inaamka. Kisha inakuja seli nyingine, seli T, inagusa molekuli ya tatu iitwayo CD40, kama shahidi anayesema ndiyo, huyu ni adui kweli. Sasa seli B inakua, inanenepa, inagawanyika mbili, nne, nane, mpaka zinakuwa maelfu ya seli zinazomjua mdudu yule yule. Baadhi zinageuka viwanda vya kumwaga kingamwili, nyingine zinabaki miaka mingi zikimkumbuka. Kambini ulikuwa unafika dirishani na kadi yako, lakini bila kidole kwenye wino hupewi unga. Ndivyo ilivyo.

Ziko pia molekuli za kuzuia. CD22 ni mojawapo, kazi yake ni kuituliza seli isiamke ovyo ikaushambulia mwili wenyewe. Nilimuuliza daktari kama labda hizo ndizo zimezidi kwa Ineza. Alisema hapana, hizo ziko sawa, na ni nzuri, maana kuna wakati wa kunyamaza na kuna wakati wa kusema.

Maabara ya huko nje hubandika rangi kwenye CD19, kisha huhesabu kila seli iliyong'aa, kwa kuwa kila seli B ya kila mtu huwa na CD19. Za Ineza hazikung'aa, wakaandika hazipo. Walipotumia CD20, molekuli nyingine ya ukuta ule ule, wakazikuta zote, nzima, idadi kamili. Ziko na kipokezi. Ziko na CD40. Zinachokosa ni CD19 tu. Kwa hiyo mdudu anaingia kwa mtoto wangu, anakamatwa, na ishara inafia pale mlangoni. Seli zinabaki zimelala. Miezi ile sita ya mwanzo aliishi kwa kingamwili zangu mimi, nilizompa tumboni. Zilipokwisha, hakuwa na zake.

Daktari alituita, mimi na Evariste. Akasema dawa ipo: kingamwili za watu wengine, zinazochujwa kutoka damu yao, anatundikiwa kama dripu kila mwezi, maisha yake yote. Kuna watu wema walikuwa wameanza kumpatia. Akipewa bila kukosa, atakua, atasoma, atazeeka. Akikosa, nimonia moja inatosha. Kisha akauliza:

"Samahani, madame, monsieur. Ninyi ni ndugu?"

Tulicheka, Baba. Evariste alinigonga bega akasema, "Huyu? Huyu ni wa Muyinga, docteur. Mi ni wa Itaba. Hata kucheza ngoma hatuchezi sawa." Daktari hakucheka. Alieleza kwamba mtoto hupata nakala mbili za maelekezo ya kutengeneza CD19, moja kwa baba, moja kwa mama, na moja ikiwa mbovu ile nzima inaifidia. Kwa Ineza zote mbili ni mbovu, kwa kosa lile lile, mahali pale pale. Kosa la namna hiyo huwa na mwenyewe mmoja, babu au bibi mmoja wa zamani.

Nyumbani kwa mume wangu walichukua nusu ya maneno hayo wakaacha nusu. Walichukua kwamba ugonjwa umetoka kwa wazazi. Evariste aliniambia jikoni, akiwa ameshika kikombe, hanitazami:

"Mi sikusemi vibaya. Lakini kwetu hakuna mtu wa hivyo. Tunajulikana mpaka babu wa babu. Kwenu sisi hatujui. Donc imetoka kwako, quoi."

"Daktari alisema kwetu wote wawili."

"Docteur haijui kwetu."

Mjomba wake akaongeza neno la uburozi, sumu ya mkono, kwamba kuna wanawake wa kutoka mbali ambao chakula chao hakikai kwa watoto. Siku moja nilirudi kutoka maabara nikakuta kitanda cha Ineza kitupu. Mama mkwe alikuwa amekuja, amemfunga mgongoni, amempeleka Itaba, mbali na mikono yangu. Nguo zake alizichukua. Dawa za kila siku za kuzuia homa ya mapafu alizikuta kwenye rafu, akaziacha pale pale. Zilikuwa zimebaki siku sita afikie siku yake ya kutundikiwa.

Ndipo nikapanda basi kuja kwako. Sikuja kukushtaki, nataka ujue hilo. Nilikuja kwa sababu nilikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kunisaidia, na alikuwa wewe.

Ulikuwa uani unapepeta maharage. Nilikueleza yote, la daktari, la Ineza, la kitanda kitupu. Nikakuuliza:

"Baba, sisi ni watu wa wapi?"

Uliendelea kupepeta. Nikauliza tena. Ukaweka ungo chini, ukaanza kuokota maharage yaliyoanguka, moja moja, na ukasema ukiwa umeinama:

"Sinzinkayo ni kaka wa baba yangu."

Hivyo tu. Mama mkwe wangu ni binti ya baba yako mkubwa. Mume wangu ni damu yetu. Ulilijua jina hilo tangu lilipotamkwa juu ya ule mtungi, na kikohozi kilikuwa kikohozi cha mwizi.

Nilikuuliza kwa nini, na ukanipa sababu zako, hizi hapa, nimezinakili kama ulivyozisema. Kwamba siku mlipovuka, wote waliokuwa mbele yako kwenye foleni walikuwa wa Muyinga, karani akaandika Muyinga kwa mstari mzima, nawe hukumkatalia. "Ningesema Itaba, mtu wa Itaba angenitafuta. Angeniuliza, na mama yako yuko wapi?" Kwamba ulimwacha mama yako ndani ya nyumba kwa sababu miguu yake ilikuwa haiwezi, na wewe ulikuwa kijana wa mbio. Kwamba baadaye kiwanja ulikipata kwa jina la mtu wa Muyinga, na ungesema ukweli siku ile ya gusaba wangekunyang'anya. "Na wewe ulikuwa umefurahi," ukasema. "Nilikuona pale mlangoni umefurahi."

Usinibebeshe furaha yangu. Nilikuwa binti anayeposwa, kazi yangu ilikuwa kufurahi. Kazi yako ilikuwa neno moja.

La kumwacha mama yako, Baba, ningeweza kukusamehe. Vita ilikuwa vita, na sikuwepo. Kusema Muyinga kwa karani, hilo pia ningelisamehe, na lingebaki kichekesho cha nyumbani. Lakini siku ile hakukuwa na vita. Kulikuwa na mtungi, viti vya kuazima na watu waliokuuliza kwa heshima. Ulipima ua wako wa misumari upande mmoja na watoto wangu upande wa pili, ukachagua ua.

Na unajua uliniambia nini mwisho? "Ukisema, ndoa yako imekwisha. Nyamaza, mwanangu. Mtoto ataombewa." Nililala kwako kwa kuwa basi lilikuwa limeshaondoka. Asubuhi nilikuta koti lako halipo kwenye msumari, na redio haipo. Jirani akaniambia amekuona unaelekea barabara ya Kobero na mfuko. Ulimkimbia mama yako kwa kuogopa bunduki. Mimi nilikuwa na nini mkononi?

Nilikwenda Itaba siku hiyo hiyo, kutoka Muyinga mpaka Gitega kwa basi, kutoka Gitega kwa pikipiki. Njiani nilikuwa nalijua tu jambo moja: nikisema, naweza kumkosa mume, nisiposema, namkosa Ineza. Haikuwa hesabu ngumu. Nashangaa ilikushinda.

Ineza alikuwa amelala juu ya mkeka ndani ya mlango ulio wazi, anapumua haraka haraka, mbavu zinaingia na kutoka, usaha umekauka shingoni. Mama mkwe alikuwa amemkanda kwa majani, hakumtesa, hilo namshuhudia. Evariste alikuwepo, na mjomba wake, na watu wa jirani walioona pikipiki wakaja kusikiliza. Sikuingia ndani. Nilisimama uani nikasema kwa sauti jina lako, jina la baba yako ulilolificha, na kwamba baba yako na Sinzinkayo walinyonya ziwa moja.

Mjomba akaanza kunifokea kwamba sasa natafuta ardhi. Mama mkwe akamnyamazisha kwa mkono. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini alikitumia, kwa ajili yangu.

"Baba yako anaitwa Salvator?"

"Unamjua, mama. Ulimwona."

"Salvator ni wengi. Salvator wa Sezariya?"

Sikulijua hilo jina. Nilisema tu kwamba mama yake alikuwa na miguu mibovu. Alikaa chini pale pale kwenye udongo, mikono kichwani. "Yampaye," aliapa kwa Kirundi. "Donc hii kitu imepita kwangu. Mi ndiye nilimupa Evariste. Mi nakusema we, kumbe ni mi."

Kisha akainuka, akaingia ndani, akamtoa Ineza, akanifungia mgongoni kwa kitenge chake mwenyewe, akakaza fundo kifuani kwangu mpaka likaniuma. "Enda naye," alisema. "Usingoje wanaume wamalize kuongea. Enda!"

Tuko hospitali Gitega siku ya kumi na mbili leo. Siku tatu za mwanzo sikujua kama nitamzika. Ametundikiwa kingamwili za watu nisiowajua, watu ambao damu yao imefanya kwa mjukuu wako kile ambacho ya kwetu imekataa. Homa imeshuka. Jana aliomba yai. Daktari anasema akitundikiwa kila mwezi bila kukosa tutamwona akiwa bibi. Mara nyingine namtazama amelala, nakumbuka mikono yako kwenye mabega yangu kule foleni, nakukumbuka vizuri kabisa, na ninalia kwa hasira kwamba ni mikono ile ile.

Wazee wa Itaba wamekaa. Wamesema mtu haishi na dada yake, basi. Evariste alikuja mpaka mlango wa wodi, akasimama na kofia mkononi.

"Kwetu tulikuita mrozi," alisema. "Sasa nikuite nini? Dada?"

Huleta uji kila asubuhi, anamwachia mlinzi, anaondoka bila kupanda ngazi. Nilimpenda mtu huyu, Baba. Bado nampenda, na sina ruhusa. Ndoa yangu imekwisha kama ulivyosema, kwa hiyo huko Ngara unaweza kujisifu kwamba ulinionya.

Limebaki moja. Nimeliweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu nakufahamu, ningeliandika juu usingeendelea kusoma.

Mama mkwe huja wodini kila siku ya pili na ndizi zake, tunakaa kwenye benchi. Yeye alilelewa Bukirasazi kwa shangazi yake, ndiyo maana hakujua sura yako. Alirudi Itaba baada ya vita. Amenisimulia kwamba baba yake alitoka mafichoni siku ya tano baada ya wewe kukimbia, akaingia nyumbani kwenu, akamkuta mama yako ameketi ukutani, anakula viazi vibichi. Alikuwa hai. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, Baba. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa akimwogesha. Na wakimbizi walipoanza kurudishwa kwa malori, bibi Sezariya alikuwa akitaka apandishwe baiskeli mpaka Gitega, na binti ya Sinzinkayo anaisukuma, ili akaulize mwenyewe kwa wenye orodha. Kila mara aliuliza Salvator wa Itaba. Kila mara walitazama, wakamwambia wa Itaba hayupo. Alikufa mwaka mmoja kabla sisi hatujarudi, bado anauliza.

Mwanamke aliyesukuma ile baiskeli ndiye aliyekuwa ameketi hatua tatu kutoka kwako siku ya gusaba, ukamwambia wewe ni wa Muyinga, naye akakupigia makofi.

Kaa na hilo huko ulipo. Sikutakii mabaya, wala safari njema sikutakii.

Binti yako, upende usipende,
Mama Ineza
Gitega